Kidogo Kisichoonekana: Namna Grafu ya Elementi za Mwili Inavyopaswa Kuchorwa

Mwanafunzi wa uuguzi anapofungua kitabu cha kemia ya mwili, na mgonjwa anapoinua macho kutazama bango la lishe ukutani, mara nyingi wote wawili hukutana na mchoro uleule: duara lililogawanywa kwa rangi, likieleza mwili wa binadamu umeundwa na nini. Oksijeni imepewa takriban asilimia 65, kaboni 18, haidrojeni 10, naitrojeni 3, kalsiamu moja na nusu, fosforasi moja. Kisha hubaki ukanda mwembamba, aghalabu wa rangi ya kijivu, ulioandikwa neno moja tu: nyinginezo.

Ndani ya neno hilo vimefungiwa vitu ambavyo huduma ya afya hushughulika navyo kila siku. Mmo madini ya chuma, ambayo mama mjamzito huambiwa ayameze kila siku katika vidonge vya kuongeza damu. Mmo iodini, ambayo kwa lugha ya dukani huitwa madini joto. Mmo zinki anayopewa mtoto anayeharisha. Mmo potasiamu na sodiamu, ambazo vipimo vyake husubiriwa kwa wasiwasi na mgonjwa wa figo. Mchoro uliokusudiwa kuufunua mwili umeyaficha yale yale ambayo mhudumu anajitahidi kumweleza mgonjwa.

Hilo si kosa la rangi wala la mchoraji asiye na kipaji. Grafu ya wingi wa elementi ni kauli ya kisayansi kama ilivyo sentensi, nayo inaweza kuwa kamili au pungufu. Isiposema imehesabu nini, ndani ya mwili wa nani, kwa skeli ipi, na kwamba wingi si umuhimu, haijakamilika; na katika kliniki, kauli isiyokamilika huzaa uamuzi mbaya. Grafu ya namna hiyo haistahili kutundikwa mbele ya wagonjwa wala kufundishiwa wanafunzi mpaka irekebishwe.

Imehesabiwa nini?

Swali la kwanza la kuiuliza grafu yoyote ya wingi ni kama imepima uzito au imehesabu atomu. Majibu ya maswali hayo mawili hutofautiana sana. Kwa uzito, oksijeni ndiyo inayotawala mwili. Lakini atomu moja ya oksijeni ina uzito wa takriban atomu 16 za haidrojeni. Mtu akihesabu atomu moja moja badala ya kupima kilo, haidrojeni hupanda hadi karibu asilimia 62, oksijeni hushuka hadi asilimia 24 hivi, na kaboni hubaki na 12. Mwili ni uleule. Kilichobadilika ni swali. Duara lisilotaja neno "uzito" wala neno "atomu" halijasema kweli wala uongo, kwa kuwa halijasema kitu.

Mhudumu wa maabara anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya darasani tu. Basi na azitazame potasiamu na sodiamu. Katika mtu mzima wa kilo 70 anayetumiwa kama kigezo, potasiamu huwa takriban gramu 140 na sodiamu takriban gramu 100. Kwa uzito, potasiamu imeshinda. Lakini gramu 140 za potasiamu ni kama moli 3.6, ilhali gramu 100 za sodiamu ni kama moli 4.3. Kwa idadi, sodiamu imeshinda. Majibu ya maabara huandikwa kwa milimoli, na mabango ya lishe huandikwa kwa gramu na miligramu. Anayehama kutoka karatasi moja hadi nyingine bila kutazama kipimo huibeba picha iliyopinduliwa.

Upande wa pili wa swali hilo ni kama kilichohesabiwa ni elementi yenyewe au kiwanja kilichoibeba. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 2 za sodiamu kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 5 za chumvi. Mgonjwa wa shinikizo la damu akisoma "gramu 2" kwenye mchoro mmoja na "gramu 5" kwenye mwingine, anaweza kuamini kwamba wataalamu wanapingana, au akachagua namba impendezayo. Ndivyo ilivyo kwa vidonge pia: kidonge chenye miligramu 300 za salfeti ya chuma huwa na takriban miligramu 60 tu za chuma chenyewe. Namba zote mbili ni za kweli, mradi kila moja isimame chini ya jina lake.

Mwili wa nani, na sehemu ipi ya mwili?

Elimu ya kuhesabu wingi wa elementi haikuanzia mwilini. Ilianzia kwenye mawe. Mwaka 1889 mkemia wa Marekani, Frank Wigglesworth Clarke, alichapisha makadirio ya elementi zinazounda gamba la dunia kwa kukusanya na kulinganisha uchambuzi wa miamba mingi. Katika gamba hilo, oksijeni hukaribia nusu ya uzito wote, silikoni hufuata kwa zaidi ya robo, kisha alumini na chuma. Ukitazama nyota na ulimwengu kwa jumla, haidrojeni huchukua karibu robo tatu ya uzito. Kwa hiyo swali "ni elementi gani iliyo nyingi zaidi?" halina jibu moja mpaka muulizaji aseme anazungumzia nini: jiwe, nyota au mtu.

Hata akisema mtu, bado halijaisha. Vitabu vingi vimeupa mwili asilimia 65 za oksijeni na 18 za kaboni. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, katika chapisho lake la mwaka 1975, iliorodhesha elementi za mtu wa mfano aliyepewa jina la Mtu wa Rejea, na katika orodha hiyo oksijeni ni kilo 43 kati ya 70, yaani asilimia 61, na kaboni ni kilo 16, yaani asilimia 23. Msomaji akiziona namba hizo pamoja atauliza ipi imekosewa. Hakuna iliyokosewa kwa lazima. Maji yamejaa oksijeni, na mafuta yamejaa kaboni. Mwili wenye mafuta zaidi huongeza kaboni na kupunguza oksijeni. Mtoto mchanga, ambaye maji huchukua takriban robo tatu ya uzito wake, hawezi kuwa na grafu moja na mtu mzima mnene.

Inafaa pia kujua Mtu wa Rejea alikuwa nani. Chapisho lenyewe lilimweleza waziwazi: mwanamume wa umri wa miaka 20 hadi 30, mzungu, mwenye kilo 70 na kimo cha sentimita 170, anayeishi kwa mila na mazingira ya Ulaya Magharibi au Amerika Kaskazini, katika hali ya hewa ya nyuzi 10 hadi 20. Waliomtunga hawakudanganya; walihitaji kigezo cha kukokotolea kinga ya mionzi, nao wakaeleza mipaka yake. Udanganyifu huingia pale namba zake zinaponakiliwa kwenye bango chini ya maneno "mwili wa binadamu" bila maelezo yoyote. Mama mjamzito wa Njombe, mzee wa Unguja na mtoto mwenye utapiamlo hawamo katika namba hizo. Mtu aliyekunywa tangu utotoni maji ya visima vyenye floridi nyingi katika baadhi ya maeneo ya Bonde la Ufa, ambako meno yenye madoa ya kahawia hujulikana sana, huweza kubeba mifupani floridi nyingi kuliko ile ya Mtu wa Rejea. Mstari mmoja chini ya grafu, unaotaja umri, jinsi na uzito wa mwili uliopimwa, ungetosha kuyaeleza hayo.

Kisha kuna swali la mahali. Katika mwili mzima potasiamu huizidi sodiamu kwa uzito, kama ilivyoonyeshwa. Katika maji ya damu mambo hugeuka kabisa: sodiamu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita, na potasiamu kati ya 3.5 na 5 tu, kwa sababu karibu potasiamu yote hukaa ndani ya seli. Mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake imepanda kutoka 4.5 hadi 6.5 yuko katika hatari ya moyo kupoteza mapigo yake, ilhali ongezeko hilo katika majimaji yaliyo nje ya seli ni kama gramu moja tu. Kwenye grafu ya mwili mzima gramu moja haionekani hata kwa darubini. Kumfundisha mgonjwa huyo kwa grafu ya mwili mzima ni kumpa ramani ya bara zima mtu anayetafuta mlango wa nyumba.

Kimo cha nguzo na ngazi ya makumi

Ugumu mkubwa zaidi wa mchoraji ni skeli. Iodini yote iliyomo katika mtu mzima mwenye afya ni takriban miligramu 15 hadi 20, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika tezi ya thairoidi iliyoko shingoni. Oksijeni ni kilo 43. Mchoraji akiamua kwamba iodini ipate nguzo ya kimo cha milimita moja tu, ili angalau ionekane, basi nguzo ya oksijeni kwenye karatasi hiyohiyo ingepaswa kufika karibu kilomita tatu, yaani takriban nusu ya kimo cha Mlima Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari. Akiamua kinyume chake, oksijeni ipate sentimita 20, basi gramu nne za chuma zitapata nguzo nyembamba kuliko unene wa unywele, na iodini haitachapishika kwa mashine yoyote.

Wengi hukimbilia hila. Wapo wanaoikata nguzo ndefu katikati kwa alama ya msumeno, na mtazamaji husahau mara moja kwamba imekatwa. Wapo wanaochora vichupa au magunia badala ya nguzo, na kwa kuwa kichupa chenye kimo maradufu hupanuka pia kwa upana, jicho huona mara nne mahali ambapo namba imesema mara mbili. Wapo wanaolilaza duara kama sahani mezani, na kipande kilicho mbele huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma hata kama vinalingana. Hila zote hizo hupendeza macho, na zote huharibu kipimo.

Njia ya haki, inayotumiwa na wanasayansi wa miamba na wa nyota, ni skeli ya logi. Jina lake hutisha, lakini maana yake ni ngazi ambayo kila kipago ni mara kumi ya kile cha chini yake: miligramu 10, miligramu 100, gramu 1, gramu 10, gramu 100, kilo 1, kilo 10, kilo 100. Hatua saba zinatosha kumbeba mtu mzima kutoka iodini hadi oksijeni. Kwenye karatasi yenye nafasi ya sentimita 14, kila hatua hupata sentimita mbili. Oksijeni hukaa karibu na kilele, chuma kwenye sentimita ya tano, zinki chini yake kidogo, na iodini juu kidogo ya msingi. Kwa mara ya kwanza wote wameonekana katika ukurasa mmoja.

Hata hivyo skeli hiyo ina mtego wake, na wachapishaji wengi hunaswa nao: haifai kuchorewa nguzo. Nguzo humwambia mtazamaji alinganishe urefu kuanzia chini, lakini ngazi ya makumi haina sifuri. Chini yake ni popote mchoraji alipopenda kuanzia. Ngazi ikianzia miligramu 10, nguzo ya chuma itakuwa kama mara 15 ya nguzo ya iodini. Ikianzia miligramu 1, itakuwa kama mara tatu tu. Ukweli ni zaidi ya mara 200. Kwa hiyo panapotumika ngazi ya makumi, kila elementi na ipewe nukta iliyokaa mahali pake, namba yake iandikwe kando, na maneno "kila hatua ni mara kumi" yasomeke bila kutafutwa.

Wapo watakaopinga, na pingamizi lao lina uzito: mgonjwa wa kawaida hajawahi kusoma logi, naye ataiona nukta ya iodini na ya chuma kama majirani, kumbe zimetengana mno. Ni kweli. Ndiyo maana grafu moja haiwezi kutumikia kila msomaji. Mhudumu wa afya na mwanafunzi wapewe ngazi ya makumi, na wafundishwe kuisoma. Mgonjwa apewe grafu tatu za kawaida zilizopangwa kando kwa kando: ya kwanza ya vitu vinavyopimwa kwa kilo, ya pili kwa gramu, ya tatu kwa miligramu, kila moja ikianzia sifuri. Juu ya ile ya pili yaandikwe maneno kama haya: "Nguzo ndefu kuliko zote hapa ingekuwa nusu milimita kwenye grafu ya kwanza." Mtu aliyewahi kununua sukari kwa kilo na bizari kwa vijiko ataelewa bila mwalimu.

Wingi si umuhimu

Baada ya hesabu kunyooka, linabaki jambo ambalo hesabu peke yake haiwezi kulisema. Katika orodha ya Mtu wa Rejea ya mwaka 1975 risasi ilikadiriwa kuwa miligramu 120, na shaba miligramu 72. Risasi ilikuwa nyingi kuliko shaba. Shaba mwili unaihitaji ili kuishi. Risasi haina kazi yoyote njema mwilini, na huharibu ubongo wa mtoto. Ilikuwamo kwa sababu watu waliivuta na kuimeza kutoka katika rangi, mabomba na petroli za zama hizo. Mtazamaji akipewa nukta mbili za rangi moja bila maelezo, atahitimisha kwamba mwili unahitaji risasi zaidi ya shaba. Katika ardhi pia, alumini na silikoni ni nyingi mno chini ya miguu ya kila mtu, lakini mwili haukujijengea damu kwa alumini.

Kwa hiyo grafu nzuri hutofautisha kwa alama, si kwa rangi peke yake kwa kuwa wapo wasiotofautisha rangi: elementi zinazohitajika zipewe alama moja, na zile zilizoingia tu kutoka katika mazingira alama nyingine. Na kando ya kila elementi iliyo ndogo yaandikwe maneno machache ya kazi yake. Kando ya chuma: hubeba oksijeni katika damu. Kando ya iodini: hutengeneza homoni zinazokuza ubongo wa mtoto tumboni.

Kazi hiyo ya iodini ndiyo kipimo cha yote yaliyosemwa. Mama mjamzito huhitaji takriban mikrogramu 250 za iodini kwa siku, kiasi ambacho hakingeonekana kwenye ncha ya kidole chake. Akikikosa kwa muda mrefu, tezi yake huvimba ikawa goita, na mtoto wake huweza kuzaliwa na akili iliyodumaa kwa namna ambayo hakuna dawa ya baadaye itakayoirudisha. Upungufu huo ni miongoni mwa visababishi vikubwa duniani vya udhaifu wa akili vinavyoweza kuzuiliwa, na kinga yake ni chumvi yenye madini joto. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Bango linaloiweka iodini katika "nyinginezo" humfundisha mama kuudharau mwiba huo, hata kama muuguzi aliyeketi chini ya bango anamwambia vingine. Na binadamu, anapoona jambo na kusikia jingine, mara nyingi huamini alichokiona.

Kurekebisha hakuhitaji mashine mpya wala fedha nyingi. Anayechora, anayechapisha au anayefundisha na aiulize kila grafu ya wingi maswali matano kabla ya kuitoa: Imepima uzito au imehesabu atomu? Ni elementi yenyewe au kiwanja chake? Ni mwili wa nani, na ni mwili mzima au ni damu? Ngazi yake inapanda kwa kujumlisha au kwa kuzidisha, na alama zake zinalingana na ngazi hiyo? Je, msomaji anaweza kutofautisha kilicho kingi na kilicho muhimu? Mgonjwa naye ana haki ya kuyauliza maswali hayohayo, na mhudumu asione kwamba anadharauliwa anapoulizwa.

Pale bango la zamani lisipoweza kuondolewa leo, kalamu ya wino inatosha kuanzia. Chini ya duara iandikwe "kwa uzito, mtu mzima". Kando ya ule ukanda wa kijivu neno "nyinginezo" lifutwe, na mahali pake yaandikwe majina: chuma, zinki, shaba, iodini. Mama anayesubiri zamu yake kwenye benchi la kliniki atakuwa na dakika za kutosha kuyasoma, na akiingia ndani atakuwa na la kuuliza.